Tunachanga Tiketi ya India, Nani Anachangia Daktari?

Kila wiki napata meseji kama tano hivi: "Bro, tupostie huyu mtoto." Picha ya mtoto mgonjwa, namba ya paybill chini yake, na maneno kwamba anafaa kupelekwa India. Huwa naposti, na nitaendelea kuposti. Lakini kuna kitu kimenikaa kooni miaka miwili sasa na leo nakitema. Ukikasirika, kasirika tu, bora usome hadi mwisho.

Mtoto wa binamu yangu, kule Siaya, alikuwa Gredi ya 1 taya lake lilipoanza kuvimba. Kliniki wakasema ni jino. Likang'olewa. Uvimbe ukazidi. Likang'olewa lingine, akapewa antibayotiki. Wiki tatu zikaisha hivyo. Alipoletwa Nairobi uvimbe ulikuwa umeanza kusukuma jicho, na mimi nikafanya kile najua kufanya: nikatoa simu, nikarekodi, nikaomba pesa. Mlichanga laki nne na kitu kwa siku tano. Asanteni sana.

Sasa hii ndiyo sehemu sikuwahi kuwaambia.

Kwenye hospitali ya rufaa tulipofika, daktari mmoja mdogo tu, labda amenipita miaka mitano, alimwangalia yule kijana, akagusa taya, akagusa tumbo, kisha akauliza, "Nyumbani ni wapi?" Shangazi akajibu, Siaya. Kabla sampuli ifike maabara tayari alikuwa anashuku limfoma ya Burkitt. Shangazi akamwomba, "Daktari, si dawa ianze leo leo?" Akajibiwa, "Mama, tukianza kabla hatujamwandaa, dawa yenyewe inaweza kumuua. Maji kwanza."

Maji kwanza. Hayo maneno mawili ndiyo yaliyookoa yule mtoto, si vidio yangu.

Ngoja nieleze. Uvimbe wa Burkitt hukua kwa kasi ya ajabu, unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Na ukipigwa na dawa, hufa kwa kasi hiyo hiyo. Seli zikifa zote kwa mpigo zinamwaga potasiamu na asidi ya yuriki kwenye damu. Figo zinaziba, moyo unaweza kusimama. Kwa hivyo mtoto anawekewa dripu mapema, anapewa dawa ya kupunguza hiyo asidi, na damu yake inapimwa mara kwa mara, usiku na mchana. Dawa kuu aliyopewa, saiklofosfamaidi, imekuwepo tangu miaka ya 1950. Si maajabu kutoka mbinguni. Chenye ni adimu ni mtu anayejua kuitumia.

Mfano mwingine. Kuna dawa inaitwa vinkristini, inatibu saratani nyingi za watoto. Ikiingia kwenye mshipa wa damu, inaponya. Ikidungwa kimakosa kwenye uti wa mgongo, karibu kila mara inaua. Na kuna dawa nyingine, methotreksati, ambayo hudungwa huko huko mgongoni. Fikiria sirinji mbili kwenye trei moja, saa nane usiku, mbele ya mtu ambaye hajafunzwa vizuri au hajalala siku mbili. Hii si kazi ya kujifunza kwa YouTube, manze. Unajifunza kando ya kitanda, na bingwa amesimama nyuma yako, mpaka mikono yako ikumbuke yenyewe.

Na huyo daktari wetu? Usiku mmoja nilimpata kwa korido saa kumi kasorobo alfajiri. Nikamwuliza kwani haendi nyumbani. Akacheka. "Mimi ni rejistra, najisomesha. Nalipa karo ili nifanye hii kazi, mshahara sina. Nasubiri matatu za kwanza."

Rudia hiyo tena polepole. Mtu aliyeokoa mtoto wetu alikuwa analipa ndio aruhusiwe kumwokoa.

Na si yeye peke yake. Marejistra wanaojilipia ni wengi kwenye hospitali kubwa za nchi hii, na chama chao kimepiga kelele kuhusu hilo miaka nenda miaka rudi. Hesabu safari yenyewe: miaka 6 ya udaktari, mwaka 1 wa uanagenzi, miaka 3 au zaidi ya kubobea kwenye magonjwa ya watoto, halafu miaka 2 ya feloshipu ya saratani na damu za watoto. Si chini ya miaka 12! Na 2024 tuliona madaktari wakigoma siku 56, moja ya sababu ikiwa ni serikali kutaka kuwalipa wanagenzi elfu 70 badala ya zile laki mbili na kitu zilizokubaliwa 2017. Nakumbuka baadhi yenu kwa komenti: "Madaktari wanapenda pesa." Aki jameni.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba huu ni ugonjwa wa kwetu. Denis Burkitt aliuandika 1958 akiwa mpasuaji Mulago, Kampala, baada ya kuona watoto wenye mataya kama ya kijana wetu. Unapatikana sana penye malaria kali, ikiwemo kandokando ya Ziwa Victoria. Zaidi ya miaka 60 baadaye, mtoto wa Siaya bado anang'olewa meno. Na mtoto mwenye saratani ya damu anatibiwa malaria, kisha taifodi, kisha malaria tena, mpaka anaishiwa damu. Shirika la Afya Duniani linasema kwenye nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kwa kila 100 wenye saratani hupona. Kwenye nchi nyingi maskini hawafiki 30. Watoto ni walewale. Dawa nyingi ni zilezile.

Najua utaniambia, "Tukiwasomesha watatorokea majuu." Kwani nani aliwafungulia mlango? Serikali yetu yenyewe ilisaini mkataba na Uingereza 2021 wa kupeleka wahudumu wa afya huko. Mtu ukimlipa, ukampa vifaa, na akasaini kutumikia nchi miaka kadhaa, ataondoka kwa nini?

Au utasema haiwezekani huku kwetu. Kampala wameweza. Tangu 2016 Chuo Kikuu cha Makerere na hospitali ya Mulago, pamoja na washirika kutoka Texas, wamekuwa wakifunza madaktari wa Afrika Mashariki feloshipu hiyo ya miaka 2, hapo hapo Mulago alipofanya kazi Burkitt.

Kwa hivyo mimi nataka vitu vitatu. Moja, kila rejistra anayetibu wagonjwa alipwe, awe amedhaminiwa au anajilipia. Mbili, serikali ya kitaifa na za kaunti zilipie nafasi za feloshipu kila mwaka, na waliofuzu wapewe kazi ndani ya wodi, si ofisini. Tatu, maafisa wa kliniki na wauguzi wa mashinani wafunzwe dalili: taya linalovimba haraka, homa na kuishiwa damu kusikoisha, weupe ndani ya mboni ya jicho. Hiyo ya mwisho hata wewe unaweza kuiona kwenye picha ya flashi.

MJ wako akija kukata utepe wa jengo jipya, usipige makofi kwanza. Muulize: humu ndani kutakuwa na nani, na nani anamlipia masomo?

Kijana wetu yuko Gredi ya 3 saa hii, anasumbua kila mtu na mpira. Ukinitumia meseji ya mtoto mgonjwa kesho, nitaposti, na nitatuma changu. Ila chini ya namba ya paybill nitaongeza mstari mmoja: nani anamsomesha daktari wake? Usiufute ukishea.