Msilaumu Chrome, Flash Ilistahili Kuzikwa

Wasee, kuna lawama moja imenichosha: eti vivinjari vya siku hizi ni vibaya kwa sababu vimekataa kufungua gemu na video za zamani. Hapana. Vilifanya kazi yao.

Flash ilikuwa plagini, yaani programu ya kampuni nyingine iliyopachikwa kwenye kivinjari. Ikiwa na shimo la usalama, na mashimo yalikuwa mengi, ungefungua tu ukurasa mbaya na mwizi yuko ndani ya kompyuta yako.

Na si ati tulishtukiziwa. Kwanza vivinjari vilitaka ubonyeze ndiyo Flash icheze. Mwaka wa 2015 Chrome ikafukuza plagini za Java na Silverlight. Firefox ikafuata 2017. Julai ya mwaka huo, Adobe wenyewe wakatangaza kuwa Flash ingeisha 31 Desemba 2020. Onyo la zaidi ya miaka 3! Bado SARS, watoza ushuru wa Afrika Kusini, walifika Januari 2021 wakiwa na fomu za Flash, ikabidi watoe kivinjari chao wenyewe cha kuzifungulia. Manze, huko ni kuhamisha nyumba kwa sababu umekataa kubadilisha kufuli.

Sasa sikiza, hasa wewe unayetumia saiba hapa Keroka. Ukurasa ukikwambia "pakua Flash Player uone video", toka mbio. Adobe hawaitoi tena, kwa hivyo unachopakua ni cha mtu mwingine. Kompyuta hiyo hiyo, anayekuja baada yako ataandika nenosiri la eCitizen au la HELB. Mtego umetega wewe, atanaswa yeye.

Na kama unamiss gemu za utotoni, hazijapotea. Internet Archive wamehifadhi nyingi, na unazicheza kupitia Ruffle, bila plagini yoyote.

Lawama yangu mimi ni kwa wenye tovuti. Kumwambia mtu atafute kivinjari cha kitambo ndiyo fomu yako ifunguke ni kumwambia alale mlango wazi ndiyo wewe usisumbuke kubisha. Jengeni upya. Na wewe ukiambiwa hivyo, usikubali. Waambie warekebishe tovuti yao.