Likizo ya Mwalimu Isigeuzwe Shamba la Kuvuna Karo

Dola ikimwamuru mtu avuke mto uliofurika, haina budi imwonyeshe daraja. Sera ya Taifa ya Walimu ya Uganda ya mwaka 2019 imeagiza kwamba kila mwalimu, kuanzia chekechea hadi sekondari, awe na shahada. Sisi tusomeshao hapa Karambi, chini ya milima ya Rwenzori, wengi tukiwa na stashahada na miaka mingi ya kushika chaki, hatulikatai agizo hilo. Elimu ni bahari, na mwalimu aliyechoka kujifunza hana la kumfundisha mtoto. Tunalouliza ni hili: daraja liko wapi, na ushuru wake analipa nani?

Yafaa kwanza tuitazame kalenda. Shule zetu zina mihula mitatu; mwalimu hupata nafasi mwezi wa Mei, kisha kati ya Agosti na Septemba, kisha Desemba na Januari. Chuo Kikuu cha Makerere, kwa upande wake, kina mihula miwili mikuu ya majuma 17 kila mmoja, pamoja na muhula mfupi wa majuma 10 katikati ya mwaka, ambao baadhi ya vitivo huutumia kwa mafunzo ya vitendo. Basi mwezi wa Juni na wa Julai, madarasa mengi ya chuo yanapokuwa kimya, mwalimu yumo katika muhula wa pili na wanafunzi wake. Naye apatapo likizo ya Agosti, chuo kinawafungulia milango vijana wa mwaka mpya. Kalenda hizi zilitungwa kana kwamba afundishaye hatasoma tena. Wahenga walinena: asiyekuwapo na lake halipo.

Ni kweli kwamba njia zimetafutwa. Makerere ilianzisha shahada ya ualimu kwa wanafunzi wa nje mwaka 1991. Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoundwa mwaka 2003, hupokea walimu wakati wa likizo. Na huko Kenya vyuo vya umma vimewafundisha walimu mwezi wa Aprili, Agosti na Desemba. Lakini masomo haya yamewekwa barazani, hayakukaribishwa ndani ya nyumba. Serikali hudhamini wanafunzi wapya wapatao 4,000 kila mwaka katika vyuo vya umma, wengi wao wakitoka moja kwa moja kidato cha 6. Mwalimu wa likizo kwa kawaida hujilipia karo, nauli ya kutoka Bwera hadi Kampala, chumba na chakula, ilhali nyumbani ana watoto wanaongoja karo yao. Aliyeagizwa asome ndiye atozwaye. Je, hiyo ni haki?

Kwetu walimu wa Kiswahili mzigo ni maradufu. Mtaala wa mwaka 2020 ulikifanya Kiswahili somo la lazima katika kidato cha 1 na cha 2, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki la kukifanya lugha rasmi. Watoto wetu hukisikia sokoni Mpondwe, vinywani mwa wachuuzi watokao Kongo, kabla hawajakiona ubaoni. Walimu wa kukifundisha ni wachache. Hata hivyo, mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada ulipopandishwa mwaka 2022 hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, mwalimu wa lugha aliachwa nyuma, na walimu wa masomo ya sanaa wakagoma mwaka 2025. Karo ya mkupuo ataitoa wapi?

Wako watakaosema kwamba wahadhiri nao huhitaji kupumzika na kutafiti, na kwamba chuo hakiendeshwi bure. Hoja ya kwanza ilijibiwa zamani. Chuo Kikuu cha Chicago, kilipofungua milango yake mwaka 1892, kiligawa mwaka katika robo nne zenye hadhi moja. Mhadhiri alifundisha tatu na kupumzika moja, na walimu wa shule wakamiminika katika robo ya kiangazi. Hoja ya pili twaikubali nusu. Jengo na maktaba vimekwisha kulipiwa kwa kodi, na ya mkulima wa kahawa wa Karambi imo. Kinachoongezeka wakati wa likizo ni malipo ya mhadhiri, umeme na karatasi. Hicho ndicho kitozwe. Mwanafunzi wa majuma manne asilipie viwanja vya michezo asivyovikanyaga.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, muhula wa likizo uhesabiwe muhula kamili katika kalenda ya kila chuo kikuu cha umma, nao ufuate likizo za shule. Pili, karo ilipwe kwa somo, kidogo kidogo, na sehemu ya nafasi za udhamini itengewe walimu walio kazini, wakitangulia wale wa masomo yaliyofanywa ya lazima. Tatu, Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon kule Fort Portal, kilichoanza mwaka 2005 na sasa ni cha umma, kiwe kituo kamili cha walimu wa Rwenzori, Kiswahili kikiwamo, ili mwalimu wa Kasese asipite mlangoni pake akielekea Kampala.

Ndugu walimu, tusinung'unike vyumbani mwa walimu tu. Chama chetu kiyafikishe madai haya Wizarani na katika mabaraza ya vyuo. Anayezitaka shahada zetu na afungue milango wakati tuwezapo kuingia, kwa karo tuwezayo kulipa.