Mnapiga Picha Ngomeni, Lakini Ni Nani Aliyefungwa Pale?

Wasee, kabla mnianze: ndiyo, ni mimi yule wa video ya Fort Jesus. Yule aliyesimama ndani ya kichumba chenye giza, mikono nyuma kama amefungwa pingu, ulimi nje, muziki unapiga. Video ilitembea vizuri sana, asanteni. Lakini kuna mtu mmoja hakucheka, na huyo mtu ndiye amenifanya niandike leo badala ya kurekodi.

Niliporudi nyumbani Kapseret nilimwonyesha kogo simu. Kogo wangu haelewi mambo ya kufuatwa mtandaoni, lakini picha anaziona vizuri kuniliko. Akaangalia bahari, akashangaa kidogo. Akaangalia mizinga. Halafu akafika pale kwenye kichumba, akaniuliza, "Weri, hapa ni wapi?"

Nikamwambia, "Kogo, hii ilikuwa jela. Wazungu walikuwa wanafunga watu hapa."

"Walikuwa watoto wa nani?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimelipia ziara ya siku nzima, na mtu wa kuongoza, na mashua, na chakula cha mchana, na sikuwa na jina hata moja la kumpa.

Sasa nieleze vile siku yenyewe ilikuwa, ndiyo mwone sisemi haya kwa ubaya. Nilitoka Eldoret na basi la usiku hadi Nairobi, nikapanda SGR mpaka Miritini, nikalala Mombasa kwa rafiki. Asubuhi tukakutana kumi na wawili hivi na kijana wa kampuni ya ziara, ambayo sitaitaja. Mpango ulikuwa hivi: asubuhi ngome, kisha Mji wa Kale kwa miguu, mchana pilau, jioni mashua kwenye mkono wa bahari wa Tudor hadi jua lizame. Tangazo lao lilisema "historia ya wafungwa na mandhari ya pwani". Hayo maneno mawili ya kwanza ndiyo yaliyonivuta, maana mandhari naweza kuyaona bure pale Mama Ngina nikila mihogo ya pilipili na ndimu.

Na ngome yenyewe, jamani, nendeni. Sitanii. Wareno waliianza 1593, mchoraji wake alikuwa Mwitaliano anaitwa Giovanni Battista Cairati, na wakaisimamisha juu ya mwamba wa matumbawe kiasi kwamba ukishuka na mashua ukaitazama kutoka chini huoni mwamba umeishia wapi na ukuta umeanzia wapi. Kuna nyumba ya Waomani yenye dari ya boriti ambapo upepo unapita utadhani mtu amewasha feni. Kuna michoro ya meli ambayo mabaharia wa Kireno waliichora ukutani, meli za mtu ambaye pengine alikuwa anakaa tu akitamani kwao. Hiyo ilinigusa. Mtu amechoka, yuko mbali na nyumbani, anachora.

Kijana wetu alijua kazi yake. Alitusimulia mazingira ya vita vya 1696 hadi 1698, vile Waomani walivyoizingira ngome karibu miezi thelathini na mitatu, njaa na maradhi yakamaliza watu ndani, na meli ya Santo António de Tanna ikazama hapo mbele mwaka 1697. Alieleza kwa mikono na macho, hadi mama mmoja kutoka Machakos akashika kifua. Dakika ishirini nzima kwa hiyo vita peke yake.

Halafu tukafika kwenye jela. Nanukuu kwa kumbukumbu yangu: "Na baadaye Waingereza wakaifanya gereza. Tuendelee huku, angalieni kichwa."

Basi. Hiyo ndiyo historia ya wafungwa tuliyolipia.

Hebu tupige hesabu. Waingereza walitangaza himaya yao mwaka 1895, na mwaka huohuo ngome ikaanza kutumiwa kama gereza. Ilibaki gereza hadi 1958. Hiyo ni miaka 63. Miezi thelathini na mitatu ya kuzingirwa ilipata dakika ishirini, miaka sitini na tatu ya kufunga watu ikapata sentensi moja na onyo la kuangalia kichwa. Na 1958 si zamani. Ni miaka mitano tu kabla ya uhuru. Kuna wazee wanaotembea Mombasa leo ambao walikuwa watoto wakijua pale ni jela.

Hata lugha yenyewe inakumbuka kutushinda. Hili neno gereza, wataalamu wa lugha wanasema lilitoka kwa Kireno, igreja, yaani kanisa. Ndani ya ngome kulikuwa na kanisa, na magofu yake bado yapo, unayaona. Jina la kanisa likashika ngome, ngome ikawa mahali pa kufungia watu, na leo mtu akikamatwa Langas usiku akapelekwa ndani tunatumia neno lililotoka kwa Mreno akienda kusali. Kijana wetu angetuambia hivyo tu, nakuapia, kundi zima lingesimama.

Najua mtaniambia nini. Utasema watalii hawaendi likizo kusikia huzuni. Wanataka bahari na picha. Mimi nafikiri hiyo ni kuwadharau watu. Kule Robben Island, Afrika Kusini, tangu 1997 jumba la makumbusho limekuwa likitumia watu waliofungwa palepale kuwaongoza wageni. Watu wanapanda boti kutoka Cape Town, wanaona bahari ileile nzuri, halafu mtu anawaonyesha mahali alipolala. Hakuna anayerudisha tiketi akidai amehuzunishwa.

Na kuna ule upande mwingine, wa kuuza jela ambayo haikuwa jela. Kila mwenzangu anayefanya maudhui akienda Zanzibar lazima apige picha kwenye kile kisiwa cha Changuu, wanachokiuza kama Kisiwa cha Gereza. Lloyd Mathews alikichukua 1893, jengo la gereza likajengwa, na wafungwa hawakuwahi kuwekwa. Kikageuzwa mahali pa kuwatenga wagonjwa wa maradhi ya kuambukiza waliotoka kwenye meli. Wakazi wake mashuhuri leo ni kobe wakubwa wa asili ya Shelisheli. Kobe ni wazuri, sina shida nao. Lakini angalia hiyo hali: jela isiyo na mfungwa imepewa jina na bango, na jela zilizojaa watu zimepewa sentensi moja.

Chukua Lamu. Ile ngome ya Lamu ambayo sasa ni makumbusho na maktaba ilikuwa gereza kutoka 1910 hadi 1984. Soma tena huo mwaka. 1984! Kwa hiyo tusimwachie Mzungu peke yake hili. Bendera ilibadilika na kufuli ikabaki miaka ishirini na moja zaidi. Ukivuka maji kutoka Lamu ukaenda kisiwa cha Manda, watakupeleka Takwa kuona magofu ya mji wa Waswahili wa kale, msikiti na kaburi lenye mnara. Palepale Takwa, miaka ya hali ya hatari, kulikuwa na kambi ya watu waliozuiliwa kwa sababu ya Mau Mau. Gakaara wa Wanjau, mwandishi wa Kikuyu, alikuwa mmoja wao, na kitabu alichoandika kuhusu kuzuiliwa kwake kilipata tuzo ya Noma mwaka 1984. Mtu wa Nyeri, mtu wa milima na baridi, anaangalia mikoko.

Nikifikiria hilo ndipo naelewa kitu ambacho hakuna aliyenieleza siku ile. Kwa mkoloni, umbali ndio uliokuwa ukuta. Harry Thuku alikamatwa Nairobi 1922, wakampeleka Kismayu, wakati huo ikiwa bado upande wa Kenya. Mekatilili wa Menza wa Wagiriama alikamatwa 1913 pamoja na Wanje wa Mwadori, wakamtoa bahari na kumtupa Kisii, kwenye milima asikojua lugha ya mtu. Mama akatoroka, akarudi Pwani. Fungua ramani ya simu yako sasa hivi, weka Kisii hadi Malindi, uone anachokwambia. Huyo alikuwa mjane mwenye umri, hakuwa na basi la usiku kama mimi.

Wa bara anatupwa pwani, wa pwani anatupwa bara. Kwa hiyo yale mandhari tunayopigia picha yalikuwa sehemu ya adhabu. Ile bahari mimi nailipia kuiona, kuna mtu alipelekwa aitazame mpaka ajute.

Hapo ndipo kogo alipokuwa anauliza kutoka. Kogo alizaliwa upande wa Nandi kabla ya kuolewa huku Kapseret, na anapouliza mfungwa ni mtoto wa nani, hauulizi kama mimi ninavyouliza. Nyumbani kwao wanamjua Koitalel Samoei aliyepigwa risasi na Meinertzhagen Oktoba 1905 akienda kwenye mazungumzo. Hilo hata shuleni tulifundishwa. Lakini mwanawe, Barsirian arap Manyei, nani kati yenu alifundishwa? Alikamatwa 1923 Waingereza walipoogopa kwamba sherehe ya saget ab eito, ya rika moja kukabidhi lingine uongozi, itageuka kuwa vita. Akaachiliwa 1964. Zaidi ya miaka arobaini. Mandela alikaa ishirini na saba, na dunia nzima inajua namba yake ya mfungwa. Kogo alikuwa msichana Barsirian aliporudi. Anasema watu walitoka tu kwenda kumwangalia, bila kelele, vile unavyomwangalia mtu aliyefufuka.

Kwa hiyo aliponiuliza "watoto wa nani", alikuwa anadhani bila shaka nimeambiwa. Kwani ulienda na mtu wa kukuonyesha, si ndiyo?

Nitakuwa mkweli: wengi waliofungwa Fort Jesus hawakuwa kina Barsirian wala kina Thuku. Magereza ya ukoloni yalijaa watu wa kawaida. Mtu ameshindwa kulipa kodi ya nyumba, mwingine amekutwa bila kipande, mwingine ameiba kweli. Labda ndiyo sababu hakuna anayewasimulia, hawana vita wala meli iliyozama. Tena gereza lilipohamishwa, kazi ya kuchimba na kurekebisha ngome iliyoongozwa na James Kirkman iliwatafuta zaidi Wareno na Waomani, na sehemu kubwa ya majengo ya jela ikaondolewa. Naelewa. Nyumba ya 1600 na kitu ina mvuto kuliko ukuta wa jela wa 1920. Lakini ukishauondoa ukuta, maneno ya mwongozaji ndiyo yanabaki peke yake, na sisi tuliokwenda siku ile tulipewa sentensi moja.

Na sisi wa simu tuna makosa yetu, mimi wa kwanza. Hapa kwetu tuna jela ya Ngeria. Nimepita pale mara nyingi, nimeona jamaa na nguo za mistari wakiwa shambani, askari amesimama kando. Sijawahi hata siku moja kutoa simu nikapiga picha nikitoa ulimi. Mbona? Kwa sababu wale ni watu ninaoweza kuwajua. Mmoja anaweza kuwa ndugu ya mtu wa kanisani kwetu. Wale wa Ngomeni pia walikuwa ndugu wa mtu, tofauti ni kwamba hakuna aliyetwambia, na sisi hatukuuliza.

Video nimeitoa. Najua ilikuwa na nambari nzuri, msinikumbushe. Nilichobaki nacho ni kipande cha jioni, mashua ikipita chini ya ngome, nahodha, mzee wa Mji wa Kale, akiimba chini chini. Nilimuuliza, nikidhani nachangamsha mambo tu, "Mzee, jela ilikuwa upande gani?" Akaelekeza kwa kidevu, bila kuachia usukani. "Ile yote, mwanangu. Mama yangu alikuwa akitupeleka mbali tukipita hapo, hataki tuangalie." Mimi wakati huo nilikuwa nawaza mwanga wa jua, nikageuza kamera upande wa pili.

Hicho kipande nitakiweka Ijumaa, bila muziki. Desemba nikipata nauli nataka kwenda Hola, Tana River, ambako Machi 3, 1959 wafungwa kumi na mmoja walipigwa hadi kufa na serikali ikasema kwanza kwamba ni maji waliyokunywa. Treni inapita upande wa Manyani vilevile, ambako nilipita nimelala. Safari hii nitakaa dirishani. Kama kuna mtu wa Hola anasoma hapa, au una mzee nyumbani ambaye babake alifungwa Ngomeni, niandikie jina lake na kwao ni wapi. Kogo anasubiri jibu, na yeye si mtu wa kusahau swali.