Bei ya Fedha Nairobi na Kura ya 2027

Kati ya Agosti 2024 na Oktoba 2025 Benki Kuu ya Kenya ilishusha kiwango chake cha riba mara nane mfululizo, kutoka asilimia 13 hadi asilimia 9.25. Wapo walioipokea habari hiyo kana kwamba maradhi ya uchumi wa jirani yetu yamekwisha pona. Sisi hatumo miongoni mwao, ingawa hatuitakii Kenya baya lolote.

Mwananchi wa Visiwani ana haki ya kuuliza mambo haya yanamhusu nini. Yanamhusu. Zipo bidhaa za madukani mwetu zipitiazo Mombasa, na wapo Wapemba wengi wenye ndugu na biashara Mombasa na Shimoni. Aidha, thamani ya shilingi ya Kenya imo katika hesabu ya kila afikiriaye kuvusha karafuu usiku, jambo ambalo wakuu wetu hawahitaji kuelezwa na gazeti.

Riba ni neno ambalo wengi wetu tulilisikia chuoni, mbele ya mwalimu na msahafu, kabla ya kulikuta katika karatasi za benki. Huko tuliambiwa hukumu yake. Hapa tunazungumzia jambo jingine, nalo ni nani aipangaye. Kwa maoni yetu, nchini Kenya haipangwi na Benki Kuu peke yake. Hupangwa zaidi na mkopaji mkubwa kuliko wote, yaani Serikali yenyewe. Na kiasi Serikali inachokopa hutegemea kama imeweza kuwaridhisha raia wake walipe kodi. Kwa hiyo asomaye uchumi wa Kenya bila ya kusoma siasa yake husoma nusu ya waraka.

Ushahidi wa kwanza ni ile sheria ya mwaka 2016. Mikopo ya benki ilikuwa ghali, wananchi wakinung'unika, na uchaguzi ulikuwa umebakia mwaka mmoja. Bunge likapitisha sheria kwamba benki yoyote isitoze zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Rais Uhuru Kenyatta akaitia saini mwezi wa Agosti, na Septemba ikaanza kutumika. Nia ilikuwa njema, na hatuwezi kuwalaumu wabunge kwa kusikia kilio cha kabwela. Lakini kilichofuata kinafaa kufundishwa katika kila chuo cha utawala. Mabenki hayakubishana na sheria. Yalifanya hesabu. Ikiwa faida ya kumkopesha fundi seremala wa Kongowea imewekewa dari, na Serikali nayo iko dirishani ikitaka kukopa bila ya hatari ya kutolipa, kwa nini kumhangaikia seremala? Fedha zikaelekea kwenye dhamana za Serikali, na kufikia mwisho wa 2017 mikopo kwa watu na makampuni binafsi ilikuwa ikikua kwa chini ya asilimia 3 kwa mwaka.

Na huyo seremala alikwenda wapi? Wengi wa mfano wake walikimbilia mikopo ya simu. Mmojawapo wa mikopo hiyo, M-Shwari, ulitoza ada ya asilimia 7.5 kwa muda wa mwezi mmoja tu, na kwa kuwa iliitwa ada, si riba, dari ya sheria haikuigusa. Akopaye namna hiyo mwezi baada ya mwezi hulipa asilimia 90 kwa mwaka. Basi sheria iliyotungwa ili kumkinga mnyonge na riba kubwa ilimwacha mikononi mwa kubwa zaidi yenye jina jingine.

Juu ya hayo ikaja siasa. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa Rais, ukarudiwa tarehe 26 Oktoba huku upinzani ukiususia, na hali ya utulivu haikurejea hadi viongozi wawili waliposhikana mikono mwezi wa Machi 2018. Katika miezi hiyo mwenye fedha hakupanua duka wala kiwanda; alingoja. Ukame nao ulikuwepo, na haitakuwa haki kuibebesha sheria lawama yote. Dari hiyo iliondolewa Novemba 2019, baada ya Rais yule yule aliyeitia saini kukataa kutia saini Mswada wa Fedha mpaka iondolewe.

Ushahidi wa pili ni wa karibu zaidi. Mwaka 2014 Kenya ilikopa dola bilioni 2 katika masoko ya ng'ambo, zilipwe Juni 2024. Ilipokaribia siku ya kulipa, wakopeshaji waliingiwa na shaka, na Januari 2024 dola moja ilivuka shilingi 160. Februari Serikali ikakopa dola bilioni 1.5 mpya kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10 ili kulipa sehemu ya lile deni la kale lililokuwa likitozwa asilimia 6.875. Mwezi huo huo Benki Kuu ilipandisha kiwango chake hadi asilimia 13, na hatifungani ya miundombinu ikauzwa nchini kwa riba ya zaidi ya asilimia 18, tena bila kodi. Shilingi ilipata nguvu na kurudi karibu na 130 kwa dola. Hatukatai kwamba ilikuwa kazi ya ustadi. Tunasema tu kwamba ustadi huo uliacha hati ya madai, na hati hiyo ikapelekwa kwa mlipa kodi.

Mlipa kodi aliikataa. Tarehe 25 Juni 2024 Bunge liliupitisha Mswada wa Fedha, vijana wakaingia ndani ya Bunge, damu ikamwagika, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Wiki mbili baadaye kampuni ya Moody's iliishusha daraja Kenya.

Tangu hapo Serikali ya Nairobi imekuwa na woga wa kutoza kodi mpya, na asiyetoza hukopa. Bajeti iliyosomwa Juni 2025 ilikuwa na pengo la karibu asilimia 4.8 ya pato la taifa, na sehemu kubwa ya kulijaza ilikusudiwa kukopwa humo humo nchini. Ni kweli kwamba hati za Hazina za siku 91, zilizokuwa zikilipa karibu asilimia 16 katikati ya 2024, zilikuwa zimeshuka chini ya asilimia 8 kufikia Oktoba 2025. Lakini mabenki hayakuwa na haraka ya kumshushia mteja wa kawaida. Mwishoni mwa 2024 mikopo kwa sekta binafsi ilipungua badala ya kukua, na Februari 2025 Benki Kuu ililazimika kupunguza kiasi cha fedha ambacho mabenki hutakiwa kuweka kwake, ili wasiwe na kisingizio.

Siku chache baada ya riba kushushwa hadi asilimia 9.25, Raila Odinga alifariki dunia, tarehe 15 Oktoba 2025. Makubaliano ya Machi mwaka huo, yaliyoviunganisha chama chake na cha Rais, yalikuwa yamempa Rais pumzi Bungeni. Kwa kuwa aliyeyatia saini hayupo, hakuna awezaye kusema kwa yakini ni nani atakuwa upande wa nani ifikapo Agosti 2027, mwezi ambao Katiba ya Kenya imeuweka kwa Uchaguzi Mkuu. Serikali inayokwenda kwa wapiga kura ikiwa imezuiwa kutoza, na ikitakiwa kujenga barabara na kuwalipa walimu, itarudi dirishani kwa mabenki, na seremala wa Kongowea atasimama tena nyuma ya foleni.

Kwa wale wa wizara zetu wanaoandaa makisio ya biashara na Mombasa, tarakimu ya kufuatilia ni ile ya minada ya kila wiki ya hati za Hazina ya Kenya, kuliko tangazo la Benki Kuu, na hasa katika miezi ya mwanzo ya 2027, wakati ahadi za kampeni zitakapoanza kuandikwa ndani ya bajeti.