"Fundi, njoo uone nyumba yako"

Simu iliingia Jumapili asubuhi, mwezi wa Aprili, masika yamekolea. Aliyepiga ni mwalimu mstaafu niliyemjengea Kibaha miaka 5 kabla. Tangu nimkabidhi funguo alikuwa akisema "nyumba yangu" kwa madaha. Siku hiyo aliniambia, "Fundi, njoo uone nyumba yako."

Nilifika saa nne. Mlango wa chumba cha watoto ulikuwa umeng'ang'ania fremu, haufungiki wala haufunguki wote. Kutoka kona ya dirisha la sebuleni ufa ulikuwa umepanda kwa ngazi, tofali hadi tofali, ukaishia kwenye linta. Kidole changu cha mwisho kiliingia. Sakafu ilikuwa imetuna katikati: mjukuu wake aliweka gololi, ikakimbia yenyewe hadi ukutani, akaifurahia sana. Mimi na bibi yake hatukucheka.

"Si nilikuongezea saruji, fundi?"

Kweli aliniongezea. Kwenye msingi ule nilitia nondo za milimita 12 pale ambapo kwa nyumba za chini nilizoea 10. Zege la msingi nililinenepesha. Na kwa kuwa niliuona udongo mweusi wakati wa kuchimba, nilishuka futi 4, nikauondoa, nikajaza mchanga safi wa lori 3, nikaushindilia. Nilijiona mhandisi. Leo nakiri hadharani: ule mchanga ndio ulioiumiza nyumba ya Mwalimu kuliko kitu kingine chochote nilichofanya pale.

Nimekuwa mwashi tangu 1989, na kila mahali nilipojenga nimekuta imani moja: nyumba ikipasuka, fundi ameiba saruji. Wizi wa saruji upo, sitautetea. Lakini nyumba iliyoibiwa saruji inajulikana kwa ukucha. Unakwaruza plasta inamwagika kama unga wa muhogo. Nyumba ya Mwalimu ukiikwaruza unaumia wewe. Ile ilikuwa ngumu, na bado ilipasuka, kwa sababu kilichokuwa chini yake kilikuwa kinapumua.

Udongo huu tunauita mfinyanzi mweusi, bara wengi wanauita udongo wa mbuga, na majirani zetu wa Kenya wanaufahamu vizuri kule Kitengela na Embakasi. Chembe zake ni vibamba vyembamba mno, na maji yakifika huingia kati ya kibamba na kibamba, vikaachana. Udongo unavimba. Jua likiyanyonya maji, vibamba vinarudiana, udongo unasinyaa na kupasuka mpaka mkono unaingia. Kwa shamba hiyo si taabu. Kwa nyumba ni balaa, maana udongo hauvimbi mahali pote kwa pamoja. Pembeni unalowa masika na kukauka kiangazi, kila mwaka. Katikati, chini ya jamvi, jua halifiki, basi unyevu unajikusanya polepole kwa miaka hadi sakafu inainuka kama mgongo wa kobe. Kuta zimeshikwa na pembe, sakafu inasukuma katikati. Tofali haina pa kwenda ila kupasuka.

Na hapa ndipo wengi hushangaa nikiwaambia: nyumba ya chini huumia kuliko ghorofa. Ghorofa ni zito, linaukandamiza udongo. Kijumba chetu cha tofali za inchi 6 na bati ni chepesi, udongo ukitaka kukiinua unakiinua. Ukinenepesha zege chini ya kuta pekee, umeongeza uzito kidogo na gharama nyingi, na udongo haujali.

Bibi yangu huko Shinyanga asingejenga pale kwa Mwalimu. Wasukuma udongo wanauita kwa majina: ule wa kichanga wa mteremkoni ni luseni, na ule mweusi wa bondeni ni mbuga. Mbugani ni majaruba ya mpunga na malisho ya ng'ombe. Kaya inakaa juu, kwenye kichanga au karibu na majabali. Hakuna aliyemfundisha hilo darasani. Aliona tu kwamba kiangazi mbuga inapasuka hadi ndama anavunjika mguu. Mimi mjukuu wake nilikuja Pwani na timazi na pimamaji, nikajenga juu ya mbuga kwa sababu mteja alikuwa na hati ya kiwanja.

Hebu tuitazame hiyo hati. Ina namba ya kiwanja, ina kitalu, ina mita za mraba, ina matumizi: makazi. Kuhusu udongo, kimya. Ukitaka kupandisha ghorofa utaulizwa ripoti ya udongo. Kwa nyumba ya vyumba vitatu na sebule, katika miaka yangu yote ya ujenzi sikuulizwa hata mara moja. Yaani nyumba nyepesi, ambayo udongo huu unaionea zaidi, ndiyo isiyoulizwa.

Aliyenifumbua macho ni kijana mhandisi aliyekuwa mpangaji wangu. Nilimsimulia habari ya Mwalimu nikitarajia pole, akaniambia nimletee udongo. Aliukausha, akautwanga, akauchekecha, akapima mililita 10 za unga na kuumimina taratibu ndani ya maji kwenye chupa ndefu ya vipimo. Tukalala. Kesho yake ule unga uliokuwa 10 ulikuwa umefika karibu 19. Akanieleza kwamba udongo unaovimba chini ya asilimia 50 kwa kipimo hicho mara chache huleta taabu. Huu wetu ulikuwa unakaribia 90. Kipimo chenyewe kilikuwa kikongwe, Holtz na Gibbs walikiandika Marekani mwaka 1956, kabla sijazaliwa.

Kisha akanionyesha jambo lililoniuma zaidi. Mwaka 2008 Charles Lucian alikuwa ameandika tasnifu ya udaktari kule Stockholm, Sweden, na mada yake ilikuwa majengo yaliyosimama juu ya udongo unaovimba. Wapi? Kibaha. Nyumba ya Mwalimu nilianza kuichimbia msingi mwaka 2011. Maarifa yalikuwepo miaka 3 kabla ya koleo langu, yameandikwa kwa Kiingereza, yamehifadhiwa Ulaya, yanahusu mtaa ninaopita na baiskeli. Simlaumu mtafiti, kazi yake aliifanya. Najiuliza ni nani aliyekuwa na wajibu wa kuyashusha hadi kwa fundi anayeshika mwiko.

Sasa ule mchanga. Kijana alinichorea shimo, akalijaza mchanga, akauliza: "Mzee, mvua ikinyesha maji yatakwenda wapi?" Nikanyamaza. Mchanga unapitisha maji, mfinyanzi unaouzunguka haupitishi kwa haraka. Nilikuwa nimemjengea Mwalimu bwawa chini ya nyumba. Kila masika maji ya bati yalidondoka ukutani, yakazama kwenye mchanga, yakakaa humo yakiunywesha mfinyanzi wa chini bila haraka. Kuondoa udongo mbaya ni njia halali, na kule Nairobi malori hubeba udongo mweusi hadi msingi ufike kwenye mwamba au moramu. Lakini ukishindwa kufika chini yake, unachojazia kiwe kifusi kisichovimba na kisichopitisha maji ovyo, kishindiliwe kwa matabaka. Mchanga mtupu ni mtego.

Zipo njia nyingine. Jamvi moja lenye bimu chini yake huku na huku, lililosukwa nondo pamoja, ili nyumba nzima iinuke na kushuka kama mtumbwi mmoja badala ya kila chumba kwenda kivyake. Nguzo za zege zilizozama kupita kina ambacho unyevu hubadilika, zenye kitako kipana chini, jinsi Wahindi walivyozoea kuzitumia kwenye udongo wao mweusi, uitwao wa pamba, na sakafu ikaning'inia bila kuugusa udongo. Hizo ni kazi za mhandisi, na zina bei. Sitamdanganya msomaji kwamba kila mtu atazimudu.

Ninachoshikilia ni kwamba tunaanza kuweka fedha mahali pasipo pake. Mteja atanunua geti la chuma lenye simba wawili, dari ya jipsamu na vigae vya kung'aa, halafu ukimwambia gata za kukusanya maji ya bati anakujibu, "Tutaweka baadaye." Baadaye hiyo ndiyo inayoipasua nyumba. Udongo wa mbuga ukikaa na unyevu uleule mwaka mzima, iwe mkavu au mbichi, hauna ugomvi na mtu. Ugomvi huanza unyevu unapopanda na kushuka. Kwa hiyo kabla ya kuongeza nondo moja, ongoza maji.

Kwa Mwalimu tulifanya hivyo. Kwanza tulifukua bomba la maji machafu lililopita chini ya ukuta wa choo, tukalikuta limekatika. Udongo uliinuka ukalivunja, nalo likawa linaunywesha uinuke zaidi. Tukalihamisha, tukaweka maungio yanayoweza kucheza. Tukafunga gata na kuyapeleka maji kwenye simtanki, yanayozidi yakaelekezwa barabarani. Tukamwaga zege la kuzunguka nyumba, upana wa mita 1 na nusu, limeinama kwenda nje. Bustani ya maua iliyokuwa imeegemea ukuta wa sebule, inayomwagiliwa kila jioni, ikahamishwa. Mwalimu aliipigania hiyo kuliko vyote.

Ukabaki mwarobaini, mita 2 tu kutoka ukutani. Kiangazi mti ule unanyonya maji upande mmoja na kuuacha udongo umesinyaa. Shemeji yake alishika shoka. Nikamzuia. Mti mkubwa ukiukata ghafla, maji uliyokuwa ukiyanywa yanabaki ardhini, na udongo unavimba pale pale. Tuliupunguza matawi, na tunaupunguza kila mwaka.

Ufa sikuuziba. Nilichora mstari wa penseli kuuvuka, nikaandika tarehe na upana. Majirani walimwambia Mwalimu fundi amekimbia kazi. Nilitaka kuuona masika moja na kiangazi kimoja ndipo nijue nyumba imetulia au la. Tuliuziba mwaka wa pili.

Kwa halmashauri zetu nina ombi moja. Huko Australia wana kanuni yao ya misingi ya nyumba za kuishi, AS 2870, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1986. Kiwanja hupewa herufi kulingana na jinsi udongo wake unavyocheza: A kwa udongo uliotulia, kisha S, M, H, hadi E kwa ule uliokithiri. Msingi unachorwa baada ya herufi kujulikana. Sisi tunapima viwanja kwa mamia kwa mkupuo mmoja. Mpimaji yuko pale, mashimo ya mawe ya mipaka yanachimbwa. Kipimo cha udongo nilichomlipia mteja wangu wa mwisho kilikuwa chini ya bei ya geti lake, na yeye alipima kiwanja kimoja. Halmashauri ikipima eneo zima gharama inagawanywa kwa viwanja vyote. Andikeni herufi hiyo kwenye ramani ya viwanja, kwa Kiswahili, mahali ambapo mnunuzi na fundi wote wataisoma. Najua wauzaji hawataipenda. Kiwanja chenye E kitashuka bei, na kinastahili kushuka.

Mafundi wenzangu nao tusijifiche. Tunalipwa kwa hatua: msingi, kuta, kupaua. Hakuna anayetulipa kusimama kwenye shimo na kutafakari, basi hatutafakari. Ukiona udongo mweusi unaonata kwenye koleo, simamisha kazi, mwambie mteja aite mhandisi, hata kama utapoteza siku 2. Mimi niliogopa kupoteza siku 2.

Na wewe unayetaka kununua kiwanja, usiende Mei nyasi zikiwa kijani na dalali ameshika mwavuli. Nenda Septemba, jua kali, uangalie ardhi kama imepasuka. Ukiona nyufa za kuingiza kiganja, geuza macho utazame kuta za jirani. Kisha mwombe dalali akuruhusu uchimbe shimo moja la mita 1 na nusu. Akikataa, rudi nyumbani na fedha zako.