Vyuma vya meno: mgonjwa wa Bwegera aambiwe safari yote kabla ya kuanza

Mzazi wa Bwegera anayetaka mtoto wake anyooshwe meno huuliza bei kwanza. Ni haki yake. Lakini kuna swali zito zaidi: nani atamfuata mtoto huyo mpaka mwisho?

Kunyoosha meno si kazi ya siku moja. Mara nyingi vyuma hukaa mdomoni miezi 18 hadi 24, na kila baada ya wiki 4 hadi 8 mganga huangalia na kurekebisha waya. Waya ukiachwa bila mwangalizi, jino linaweza kusogea kusikotakiwa.

Mengi yanayotisha wagonjwa ni ya kawaida. Maumivu ya siku chache za kwanza hupungua kwa paracetamol na chakula laini. Shavu likichubuka, maji ya uvuguvugu yenye chumvi husaidia. Jino kutikisika kidogo wakati linasogezwa si alama kwamba litang'oka. Ila kutafuna miwa, mahindi ya kuchoma au mifupa huvunja vyuma. Na asiyepiga mswaki vizuri baada ya kula, siku vyuma vitakapotolewa atakuta madoa meupe, mwanzo wa kuoza.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba matunzo hayaishi vyuma vikitolewa. Meno hutaka kurudi yalikotoka. Kwa hiyo mgonjwa huvaa kifaa cha kuyashikilia, kwanza karibu muda wote, kisha usiku tu, kwa miaka mingi. Asiyekivaa anaweza kupoteza kazi ya miaka miwili na pesa zote.

Hapo ndipo barabara inaingia. Bwegera iko kwenye barabara ya kitaifa namba 5, kati ya Uvira na Bukavu. Mwezi wa pili 2025, M23 ilipoingia Bukavu, maelfu ya wakaaji wa bonde la Ruzizi walivuka kwenda Burundi. Mtu mwenye vyuma hukimbia navyo, lakini mganga wake hubaki. Hata wakati wa amani waganga ni wachache: kwa hesabu za OMS za 2014 hadi 2019, Afrika ilikuwa na waganga wa meno karibu 3.3 kwa watu 100,000.

Basi anayeweka vyuma awe na wajibu wa kusema mapema bei yote, pamoja na kifaa cha mwisho, na idadi ya safari. Ampe mgonjwa karatasi mkononi inayoonyesha kilichofanywa na kinachofuata, ili mganga wa Bujumbura au wa kwingine aweze kuendelea. Wenye mamlaka ya afya nao wafundishe wauguzi wa vituo vya karibu angalau kukata waya unaochoma na kutambua hatari.

Familia isiyo na uhakika wa kumaliza, bora isubiri. Meno yanaweza kunyooshwa hata ukubwani. Wala mwanya si ugonjwa; kwa wengi ni uzuri. Anayejaribu kuufunga mwenyewe kwa mpira au uzi anajitafutia balaa, maana mpira huweza kuteleza chini ya ufizi na kuua jino zima.

Meno yaliyopinda yanaweza kungoja. Matunzo yaliyoachwa katikati hayangoji.