Kimya cha Mteja si Ridhaa

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Aprili, Dodoma huwapokea ndugu zetu wengi kutoka Unguja na Pemba. Hufika Waheshimiwa Wabunge, na pamoja nao maofisa, makatibu, madereva na waandishi wa habari, kwa ajili ya Bunge la Bajeti linaloendelea hadi mwisho wa Juni. Wengine ni watumishi wa Serikali ya Muungano ambao wamekwisha kuhamia huko moja kwa moja, tangu ilipotangazwa mwaka 2016 kwamba Serikali inahamia Makao Makuu. Jioni, upepo mkavu wa uwanda wa kati unapovuma, mtu aliye mbali na watu wake hana baraza ya kukaa wala pwani ya kupunga hewa. Katika vyumba vya kupanga vya Area D, Kisasa na Ilazo, televisheni ndiyo mwenzi wake. Hilo si kosa, na hatuna nia ya kumlaumu mtu kwa kutazama mpira au tamthilia baada ya kazi ya siku nzima.

Tunalotaka kulisema leo linahusu fedha zinazotoka mfukoni mwa mtumishi huyu bila ya yeye kujua. Nyumbani Unguja ameacha king'amuzi ambacho watoto wanakitazama, nacho hukilipia. Dodoma analipia kingine. Juu ya hivyo viwili amejiunga, kwa kutumia kadi ya benki, na huduma moja au mbili za filamu zinazopatikana kwa njia ya intaneti. Juni inakwisha, anafunga sanduku, anapanda treni hadi Dar es Salaam na boti hadi Malindi. Chumba amekirudisha kwa mwenyewe, lakini ada inaendelea kukatwa. Tuseme ni shilingi 15,000 tu kwa mwezi. Ikisahauliwa kwa mwaka mmoja ni shilingi 180,000. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa haba na haba inakimwaga.

Ni vyema tukumbuke tulikotoka. Visiwani tulikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1974, miaka ishirini kabla ya kituo cha kwanza kuanza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994. Miaka hiyo watu walikusanyika mbele ya seti moja, na hakuna aliyedaiwa ada ya mwezi. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mapema mwaka 2013 zamu ya Dodoma ikafika, wananchi walilazimika kununua ving'amuzi. Yalikuwapo manung'uniko mengi, na mengine yalikuwa ya haki. Lakini king'amuzi kilikuwa na uadilifu wake: unatangulia kulipa ndipo unatazama. Siku zikikwisha, chaneli za kulipia zinafungwa. Mkulima wa Bahi au Kongwa ambaye mavuno yake yamekuwa haba hana haja ya kumwandikia mtu barua wala kupiga simu. Ananyamaza, na kampuni haimchukulii hata senti moja.

Huduma za mtandaoni zimeupindua utaratibu huo. Netflix ilifungua milango yake kwetu Januari 2016, ilipoingia katika nchi zaidi ya 130 kwa siku moja, na nyingine zimefuata. Mteja hutoa namba ya kadi yake mara moja tu, pengine kwa ajili ya mwezi wa kwanza wa majaribio au wa bei nafuu. Tangu siku hiyo, ukimya wake huhesabiwa kuwa ni kukubali. Hakuulizwa kama bado anataka huduma, wala kama bado anaitazama. Fedha zinakatwa tu.

Sisi tuliokaa chuoni juu ya mkeka tulifundishwa kwamba mwari anapoulizwa juu ya posa, kimya chake huchukuliwa kuwa ni ridhaa. Lakini mwalimu hakuacha kutukumbusha sharti linalotangulia: lazima kwanza aulizwe. Biashara nayo msingi wake ni ridhaa ya pande mbili. Mtu asiyeulizwa hawezi kusemwa kwamba amekubali kwa kunyamaza, na fedha inayochukuliwa kwa kutegemea usahaulifu wake ni unyonyaji, hata kama ni kidogo na hata kama mwenyewe hailalamikii.

Yapo mambo ambayo mwananchi hana budi kuyafahamu. Kufuta programu kwenye simu si kujitoa. Programu inaondoka na mkataba unabaki. Aliyejiunga kupitia duka la programu la Google au la Apple, ajitoe hukohuko katika akaunti yake ya duka hilo, maana ndilo linalomkata fedha. Aliyejiunga katika tovuti ya kampuni yenyewe, aingie humo, afungue ukurasa wa akaunti, asitishe, kisha asubiri ujumbe wa kuthibitisha na kuuhifadhi. Kwa kawaida anayesitisha mapema huendelea kutazama mpaka siku alizokwisha kulipia zimalizike, kwa hiyo hana sababu ya kungoja siku ya mwisho. Kuacha kadi bila salio si dawa, kwa kuwa mkataba haujavunjwa, na siku mshahara utakapoingia ada inaweza kukatwa. Na anayehama chumba aondoe akaunti yake katika televisheni ya mwenye nyumba, asije mpangaji mwingine akatazama kwa fedha zake.

Makampuni husema kwamba kukata fedha kila mwezi ni kumrahisishia mteja asiyetaka kusumbuka. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini anayetaka kweli kumrahisishia mteja humfanyia wepesi wa kutoka kama alivyomfanyia wepesi wa kuingia. Mei 2020 Netflix yenyewe ilitangaza kwamba itawauliza wateja wasiotazama chochote kwa muda mrefu kama wanataka kuendelea, na wasipojibu itawafungia malipo. Basi jambo hili linawezekana.

Wenzetu wamekwisha kulifanya kuwa sheria. India, tangu Oktoba 2021, benki inalazimika kumjulisha mteja saa 24 kabla ya kukata malipo ya kujirudia. Ujerumani, tangu Julai 2022, anayeuza mikataba ya namna hii mtandaoni lazima aweke kitufe cha wazi cha kujitoa. Ufaransa ikafuata Juni 2023. Marekani kanuni kama hiyo ilitangazwa mwaka 2024 na mahakama ikaitengua Julai 2025. Hata hivyo, miezi miwili baadaye Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi iliyodai kwamba watu waliingizwa katika huduma yake ya Prime bila ridhaa na wakawekewa vikwazo vya kutoka.

Pengine ataondokea mtu aseme kwamba makampuni haya yako ng'ambo na mkono wetu hauwafikii. Hatukubali. Kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2022, nchi yetu iliyatoza makampuni ya nje yanayouza huduma za kidijitali kodi ya asilimia 2 ya malipo yao. Mkono uliofika kuchukua kodi unaweza kufika kumlinda anayeilipa.

Kwa hiyo tunaiomba Benki Kuu izitake benki na makampuni ya simu yanayotoa kadi za mtandaoni kumtumia mteja ujumbe wa Kiswahili, siku moja kabla ya ada yoyote ya kujirudia, ukitaja jina la anayekata, kiasi, na njia ya kukataa. Tunaziomba Mamlaka ya Mawasiliano, Tume ya Ushindani na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar zikae pamoja na kutoa kanuni moja, ili haki ya mteja aliyeko Chake Chake isiwe pungufu ya haki ya mteja aliyeko Chamwino. Na maofisa wenye dhamana wapitie pia ofisi zao, waone kama umma haulipii huduma ambazo hakuna anayezitazama.

Waheshimiwa na ndugu wengine mtakaoondoka Dodoma mwisho wa Juni, mtazima taa, mtafunga maji na kukabidhi funguo. Fungeni na akaunti. Kisha, mkirudi Bungeni, lisemeeni jambo hili kwa niaba ya wale wasiojua kwamba wanakatwa.